Fundi saa aliyeuliza kabla ya kufungua

Nimekuwa muuguzi wa wodini kwa miaka 15, na miaka yote hiyo, ukitoa ule wa kwanza, nimevaa saa moja tu: Seiko 5, ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, haina betri. Nataka kueleza habari za fundi aliyeitengeneza, na kabla yake za fundi aliyeiharibu. Nilipokuwa natafuta mtu wa kumwamini sikumpata mteja hata mmoja aliyesimulia kazi ilivyofanyika tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi huandika “kazi safi” au “msiende” na kuishia hapo. Mwenye saa mbovu mkononi hawezi kuamua kwa maneno hayo.

Kwanza niseme kuhusu saa yenyewe, kwa kuwa aina ya saa ndiyo inayoamua unahitaji fundi wa namna gani. Saa za Seiko 5 zilianza kuuzwa mwaka 1963. Yangu ina mtambo unaoitwa 7S26, uliotoka mwaka 1996: una vito 21, yaani vijiwe vigumu ambamo ncha za ekseli huzungukia, na unapiga mara 6 kila sekunde, yaani mara 21,600 kwa saa. Huwezi kuutia ufunguo kwa mkono. Ukiuvua siku mbili unasimama, na dawa yake ni kuutikisa taratibu mpaka uamke. Tena ukivuta ufunguo wa pembeni ili urekebishe majira, mshale wa sekunde hausimami, unaendelea na safari yake. Watengenezaji hawauhesabu kuwa mbovu ukikimbia sekunde 40 au ukichelewa sekunde 20 kwa siku. Ni mtambo wa kawaida, mgumu, usio na madoido. Nausema hivyo kwa heshima, maana umenivusha zamu za usiku nisizoweza kuzihesabu.

Kazini, mshale wa sekunde ni chombo changu kama ilivyo kipimajoto. Nahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Moyo ukiwa unarukaruka nahesabu dakika nzima. Nahesabu matone ya dripu. Daktari akiandika lita moja iingie kwa saa 8, na mrija ni wa matone 20 kwa mililita, ninahitaji matone 42 kwa dakika, na hapo nasimama nikitazama chemba ya dripu kwa jicho moja na saa kwa jicho lingine, kidole kwenye gurudumu la kubania.

Mwaka jana saa ikaanza kukimbia. Nililigundua hilo kwenye jedwali la dawa: mimi nimeandika 22:07, mwenzangu niliyekuwa naye kitanda hicho hicho ameandika 22:00. Nikailinganisha na saa ya simu kwa siku tatu, nikiandika tofauti kila jioni. Ilikuwa inatangulia karibu dakika 14 kwa siku. Kwa mapigo ya moyo hilo halina madhara makubwa, maana katika sekunde 30 kosa ni kama theluthi moja ya sekunde. Lakini katika kuandika saa ya kutoa dawa, zamu ya saa 12 inakuachia kosa la dakika 7, na anayekuja kupokea zamu anapanga dozi inayofuata kwa maandishi yangu. Sikuweza kuliacha hivyo.

Nikaenda kwa fundi niliyempata upesi. Simtaji, na sisemi haya ili afukuzwe na wateja. Nasema ili mjue dalili. Aliipokea saa, akaiweka sikioni kama sekunde tano, akasema, “Mafuta yamekauka.” Hakuniuliza kitu. Hakuuliza inakimbia au inachelewa, tangu lini, imeanguka, imeingia maji. Mfuniko wa nyuma wa saa hii unafunguliwa kwa kuzungushwa, una vishimo vya kushikiza kifaa maalumu. Yeye alitumia ncha za koleo. Koleo ikateleza, ikachora mstari wa upinde kwenye chuma, akaendelea. Kisha akachukua bomba la sindano lenye mafuta, akatia tone hapa, tone pale, na pale tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Mimi ninayekaguliwa namna ninavyovuta dawa kwenye bomba la sindano, na mililita ngapi, niliangalia yale matone makubwa yakimwagika kwenye magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, nikanyamaza kwa sababu nilidhani yeye ndiye anayejua. Kwa dakika 20 kazi ikawa imekwisha, nikalipa, nikaondoka.

Siku ya tatu ilikuwa bado inakimbia. Wiki ya tatu ikaanza kusimama usiku. Niliporudi aliniambia saa imezeeka, ninunue nyingine. Niliumia. Niliumia zaidi kwa sababu alilisema kwa uhakika ule ule aliosemea habari ya mafuta.

Safari hii nikatafuta kwa utaratibu. Kabla ya kumpelekea mtu saa, nilimpigia au nikamwendea nikamuuliza swali moja tu: “Utafanya nini kabla ya kuifungua?” Niliwauliza wanne. Wa kwanza akasema niilete tu, ataiona. Wa pili akasema ataisafisha na kuitia mafuta, kabla hajajua hata ina tatizo gani. Wa tatu alikuwa kijana anayebadilisha betri na mikanda, na huyu nataka kumshukuru hapa ingawa hakunishikia hata bisibisi. Aliigeuza saa, akautazama ule mchoro wa koleo, akanirudishia kwa mikono miwili. “Mama, hii si kazi yangu,” alisema. “Mimi ni wa betri. Nikiigusa nitakuongezea tatizo. Kuna mzee mmoja ninayempelekea zangu zikinishinda.” Akaniandikia namba. Alikosa pesa ya siku ile kwa kusema ukweli, na ndiye aliyenifikisha.

Huyo mzee ndiye wa nne, na ndiye ninayemwandikia tathmini hii.

Nilipomuuliza swali langu alijibu, “Nitakuuliza wewe kwanza, halafu nitaipima, halafu nitakuambia kama inahitaji kufunguliwa.” Nikaenda siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nimesoma kuhusu vyeti. Uingereza wana chama cha mafundi saa, British Horological Institute, kilichoanzishwa mwaka 1858, na kinatahini mafundi. Uswisi kuna mafunzo ya WOSTEP, yaliyoanzishwa mwaka 1966, na cheti chake kinatambulika nchi nyingi. Ukimpata mwenye vyeti hivyo umepata mtu aliyefundishwa na kupimwa na wengine. Nilimuuliza mzee kama ana cheti, nikiogopa kidogo kwamba atakasirika. Hakukasirika. Alinionyesha chake ukutani, kisha akafungua daftari la kurasa pana na kunigeuzia. Kila saa iliyopitia mikononi mwake ina mistari miwili: vipimo vya kabla na vipimo vya baada, pamoja na tarehe, vifaa alivyobadilisha, na lini ilirudi kama ilirudi. Kuna saa zilizorudi. Hakuzifuta. Mimi nafanya kazi kwa majedwali. Nikiona jedwali lililojazwa baadaye kwa mkupuo, wino mmoja na mkono mmoja, nalijua. Lile daftari lilijazwa siku kwa siku.

Maswali yake yalinishangaza kwa sababu ni yale yale tunayofundishwa kumuuliza mgonjwa. Ilianza lini? Ilianza ghafla au kidogo kidogo? Inakimbia kila siku sawa au siku nyingine zaidi? Ukilala unaiweka wapi, imelala chali au kwa ubavu? Imeanguka? Nani ameifungua kabla yangu? Nikamjibu moja moja. Nilimweleza pia kuhusu yule fundi, na hakusema neno baya juu yake, aliandika tu “ilifunguliwa, ilitiwa mafuta” na tarehe. Kisha akauliza, “Sista, kazini ukinawa mikono saa unaiweka wapi?”

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Naivua, naiweka juu ya tableti ya wodi, ile tunayojazia taarifa, kwa kuwa ndiyo sehemu kavu iliyo karibu na sinki. “Hiyo tableti ina kifuniko kinachojifunga chenyewe?” Ndiyo, kinacho. “Kinajifunga kwa sumaku,” akasema, na hapo akafungua droo.

Alitoa dira ndogo ya plastiki, kama ile ya shuleni. Akaiweka mezani, akasubiri sindano itulie ikaelekea kaskazini. Akaisogeza saa yangu taratibu kutoka pembeni. Ilipobaki nafasi ya vidole viwili, sindano ikatetemeka, ikageuka, ikaifuata saa. Akaiondoa, sindano ikarudi. Akairudisha, ikageuka tena. Akafanya hivyo hivyo na saa yake mwenyewe, ya aina ile ile ya kujijaza, na sindano ilitikisika kidogo mno. Akaninyamazia ili nione mwenyewe.

Maelezo yake yalikuwa hivi, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Moyo wa saa ni gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi. Linarudishwa na springi nyembamba iliyojikunja kama konokono, nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Kasi ya saa inategemea urefu wa springi hiyo. Ikishikwa na sumaku, mizunguko yake inavutana na kugandana, inakuwa kama springi fupi, na springi fupi inarudisha gurudumu upesi zaidi. Saa inakimbia, wala si kwa sekunde chache, ni kwa dakika. Mafuta yakikauka mara nyingi saa hupungukiwa nguvu, husuasua, husimama. Dakika 14 kwa siku, zilizoanza ghafla, kwake zilikuwa zinasema sumaku kabla hata ya dira. Kuna saa zilizojengwa kustahimili: kipimo cha kimataifa, ISO 764, kinataka saa inayoitwa ya kuhimili sumaku ivumilie uga wa ampea 4,800 kwa mita na bado isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Sumaku ya kifuniko, saa ikiwa imelala juu yake kabisa, inapita hapo. Na yangu haijaandikwa hivyo popote.

Dawa ya sumaku ni kifaa cha umeme chenye koili ndani. Aliiweka saa juu yake, akabonyeza kitufe, akaiinua polepole hadi urefu wa mkono, akaachia. Kama sekunde 10. Dira ilipoletwa tena, sindano haikujali.

Sekunde 10. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya ugonjwa ulionipeleka kwa yule wa kwanza. Sikuwa nahitaji kufunguliwa saa wala kutiwa mafuta. Nilikaa kimya, na mzee akaniacha nikae kimya.

Lakini sasa kulikuwa na ugonjwa wa pili, ule wa kuletewa. Akaibana saa kwenye mashine ya kupimia, ambayo ni kipaza sauti kinachosikiliza mapigo na kuchora mistari kwenye kioo. Hapa nikaona jambo dogo lililonipa imani kuliko cheti. Mashine hiyo huambiwa kwanza pembe ambayo gurudumu la mizani huzunguka linapopokea msukumo wa kila pigo, nayo ilikuwa imewekewa nyuzi 52, ambayo ndiyo ya kawaida. Yeye akaibadilisha kuwa 53 kabla ya kusoma chochote, kwa sababu mtambo wa 7S26 ni wa 53. Ukiacha 52, mashine inakupa namba inayokaribia ukweli lakini si yenyewe. Ni sawa na kupima shinikizo la damu kwa mkanda usiolingana na mkono wa mgonjwa. Unapata namba, unaiandika, na si yake.

Vipimo vilisema: inachelewa sekunde 48 kwa siku, mwendo wa gurudumu la mizani ni nyuzi 176, na mapigo ya kwenda na kurudi yanatofautiana kwa milisekunde 1.3. Akanieleza kwamba saa nzima iliyojaa, ikiwa imelala, mafundi hupenda kuona zaidi ya nyuzi 250. Yangu ilikuwa inapumua nusu pafu. Alipoifungua, kwa kifaa kilichoingia kwenye vile vishimo bila kuteleza hata kidogo, alinipa lenzi nitazame. Mafuta yalikuwa yamesambaa kama supu. Kwenye kile kipande kizito kinachozunguka kuijaza saa kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote inaonekana, na pembeni yake chuma kimeanza kufifia, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi. Skurubu mbili vichwa vyake vimeliwa. Mafuta yalikuwa yamefika hata kwenye ekseli za ule uma mdogo unaopokezana mapigo na gurudumu la mizani, mahali ambapo fundi aliyefundishwa huacha pakavu.

Hapo akaniambia neno ambalo wengine wasingelisema. “Sista, kuisafisha hii yote ni kazi ndefu. Naweza kukutafutia mtambo mzima mpya, niutie humo humo. Utalipa pungufu na itachukua muda mfupi. Saa itaonekana ile ile.” Hakunisukuma upande wowote. Alinieleza kwamba kwa mitambo ya aina hii watu wengi huchagua hivyo, na si vibaya.

Nilichagua kutengeneza. Mtambo huu umehesabu mapigo ya watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mengine yalikuwa ya mwisho, nimeshika kifundo cha mkono wa mtu na macho yangu yapo kwenye mshale huo. Sikutaka kuutupa kwa kosa lisilo lake. Nilimweleza hivyo na akaitikia kwa kichwa tu, akaandika.

Kwa bahati nilipita siku aliyokuwa anauunganisha upya, na akaniruhusu nikae pembeni kwa masharti mawili: nisiegemee meza na nisizungumze. Vipande vilikuwa vimeshaoshwa, vimepangwa chini ya kifuniko cha kioo ili vumbi lisishuke. Vidole vyake vilivikwa vipira vidogo vya ncha. Kabla ya kukaza skurubu yoyote alijaribu bisibisi kwenye mfereji wake, akaona haijai vizuri, akaipeleka kwenye jiwe, akaipiga mara tatu, akajaribu tena, ikajaa. Ndipo akazungusha. Nikaelewa kwa nini skurubu nyingine kwenye saa ile vichwa vyake vilikuwa vimeliwa.

Lakini kilichonishika ni mafuta. Alikuwa na vikombe vidogo vinne vyenye vifuniko, kila kimoja na mafuta yake: mazito kwa kamani kubwa, ile springi inayotunza nguvu ya saa, na kwa magurudumu ya polepole, mepesi kwa magurudumu ya haraka na kwa mizani, na mengine yake peke yake kwa vito vya ule uma vinavyogongana na meno ya gurudumu mara 6 kila sekunde. Hatii kwa bomba. Anachovya ncha ya waya uliopondwa bapa, mwembamba kiasi kwamba bila lenzi sikuuona mwisho wake. Ncha inabeba tone ambalo mimi naliona kama mng’ao tu. Akaligusisha kwenye jicho la kito, tone likaingia lenyewe likatandaa duara, akatazama, akangoja. Kito kimoja alikizidishia. Mimi nisingejua; yeye alivuta pumzi, akatoa kile kipande, akakirudisha kuoshwa, akaanza tena kito hicho. Hakuna aliyekuwa anamkagua, isipokuwa mimi ambaye singeweza kuona kosa hilo.

Sasa niseme na yasiyopendeza, kwa sababu yapo. Alisema wiki tatu, zikawa tano. Simu hapokei akiwa mezani, na mezani yuko karibu siku nzima. Nilimpigia mara nne kabla ya kujua kwamba ni afadhali kumwachia ujumbe, naye hujibu jioni. Makadirio ya gharama aliyasema kwa mdomo, nikalazimika kuomba aandike. Aliandika bila kinyongo, lakini mteja asingepaswa kuomba. Na huongea kwa sauti ya chini na haraka, kwa maneno ya kifundi, hivyo ukitaka kuelewa ni lazima umrudishe nyuma. Mimi nilimrudisha, naye akarudia. Mtu mwenye haya anaweza kutoka pale hajui amefanyiwa nini. Kuhusu kuchelewa, sababu aliyonipa ni kwamba baada ya kuunganisha hairudishi saa mpaka aione imetembea siku kadhaa, na yangu mara ya kwanza ikiwa imewekwa kwa ubavu haikumridhisha, akaifungua tena. Sababu naikubali. Angenitumia ujumbe wiki ya tatu, nisingekuwa na neno.

Nilipoenda kuichukua alinipa vitu vitatu. Saa, imefungwa kwenye karatasi laini. Kipande cha karatasi chenye vipimo katika mikao sita, imelala chali, kifudifudi, na mikao minne ya ubavu: ikilala nyuzi 254 na inatangulia sekunde 9, kwa ubavu nyuzi kati ya 221 na 230, tofauti ya mapigo milisekunde 0.2. Na kimfuko cha plastiki chenye vifaa vyangu vya zamani: kamani ya zamani, skurubu mbili zilizoliwa vichwa, na raba ya kuzuia maji, iliyokuwa imebanwa vibaya ikakatika sehemu moja. Sikuwa nimemwomba. Alisema ni mali yangu. Raba mpya aliipima kwenye mashine ya hewa, akanikumbusha kwamba bar 3 za shinikizo la maji zilizoandikwa kuwa uwezo wa saa hii si ruhusa ya kuzama nayo mita 30; ni mvua, ni kunawa, basi. Kwenye risiti kila kazi imeandikwa peke yake, na dhamana ya miezi 12 kwa kazi aliyoifanya, isiyohusu kuanguka wala kuingia maji. Mchoro wa koleo nyuma umebaki. Angeweza kuung’arisha, lakini angekula na maandishi yaliyochongwa pale, nikamwambia auache.

Huyu hamfai kila mtu. Kama saa yako ni ya betri na imesimama, nenda kwa kijana kama yule wa tatu, na umthamini. Kama unaitaka kesho, utagombana na mzee bure. Lakini kama una saa ya kujijaza au ya kutia ufunguo, na hasa kama mtu mwingine ameshaifungua, sijaona mwingine ambaye ningemwachia na kwenda nyumbani nikalala. Nampa nyota tano kwa kazi na tatu kwa mawasiliano.

Ni miezi minne sasa. Naandika tofauti kila Jumapili asubuhi, mazoea ambayo sasa siyaachi: inatangulia wastani wa sekunde 6 kwa siku. Nikinawa naitundika kwenye ndoano ya ukutani, mbali na tableti. Nimenunua dira kama ile yake, naiweka mfukoni mwa koti la kazi. Juzi, tukipokezana zamu, mwenzangu alilalamika saa yake mpya inamdanganya, dakika nyingi tu, na alikuwa ameshapanga kuipeleka ifunguliwe. Niliweka dira juu ya meza ya wodi, nikamwomba aisogeze saa mwenyewe, kidogo kidogo. Sindano iligeuka karibu nusu duara. Nikamwandikia namba ya mzee nyuma ya karatasi ya zamu, na chini yake: mwachie ujumbe, usipige.